O_NONBLOCK haisaidii faili za diski

Kama programu yako ya Linux haitakiwi kusimama ikisubiri diski, usitegemee O_NONBLOCK, alama inayowekwa kwenye faili ili read() isisubiri. Inafaa kwa soketi na paipu. Kwa faili ya kawaida haibadilishi kitu, read() itakusimamisha vilevile. Hata epoll, njia ya Linux ya kufuatilia soketi na paipu nyingi kwa pamoja, inaikataa faili hiyo: epoll_ctl hushindwa kwa kosa la EPERM (hairuhusiwi).

Tumia io_uring, njia ya kerneli ya kusoma na kuandika bila kusubiri, iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019, kupitia maktaba ya liburing. Unaweka ombi kwenye foleni, unaendelea na kazi nyingine, kisha unachukua jibu kwenye foleni ya pili.

Angalizo kubwa ni bafa, yaani eneo la kumbukumbu litakalopokea data. Ukishatuma ombi la kusoma, bafa ni mali ya kerneli mpaka jibu lirudi. Usiitangaze ndani ya fanksheni itakayomalizika mapema, maana kerneli itaandika juu ya kumbukumbu iliyokwisha kupewa kazi nyingine, na hitilafu ya namna hiyo hujitokeza mbali kabisa na chanzo chake, inachosha kuitafuta. Itenge kwa malloc, hifadhi anwani yake kwenye user_data (sehemu ya ombi inayorudi pamoja na jibu), na uiachie kwa free baada tu ya kumalizana na jibu.

Kujua matokeo, usisome errno, mahali pa kawaida pa namba ya kosa. Kagua res iliyo ndani ya jibu: ikiwa hasi, hiyo ndiyo namba ya kosa, ikiwa zaidi ya sifuri lakini pungufu ya ulichoomba, omba kilichobaki.