Somo: Kuhama chuo baada ya mwaka wa kwanza kwenda vibaya

Ndugu wanachama, habari za jioni. Kila matokeo ya muhula yanapotoka, hapa Tanga hupigiwa hodi na wazazi na vijana ambao tayari wameamua kuhama chuo kabla hawajajua wamesimama wapi. Nimeona heri niliandike jambo hili kwa utaratibu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilianguka muhula wa kwanza, nikafunga begi na kupanda basi la kurudi Ngamiani bila kumuaga mtu yeyote chuoni, na kuondoka kimyakimya kule kulinigharimu kuliko alama zenyewe.

Hatua ya kwanza: ijue hali yako. Aliyefeli baadhi ya kozi bado ni mwanafunzi, na huyo ndiye anayeweza kuhama. Aliyekwisha kuondolewa kwa sababu ya matokeo, yaani aliyedisko, hahami bali anaomba upya. Vijana wengi huchanganya mambo haya mawili, wakajihesabu wamedisko ilhali wana sapu mbili tu, yaani mitihani ya marudio ya kozi mbili walizofeli.

Chukua kalamu ukokotoe. Binti mmoja wa Makorora aliniletea karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne, kutoka chuo kinachohesabu A kwa pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1 na E 0. Alikuwa na krediti (uzito wa kozi) 12 za C, 12 za D, 8 za B na 8 za E. Ukizidisha unapata 24, 12, 24 na 0, jumla 60, na ukigawanya kwa krediti 40 unapata GPA, yaani wastani wa pointi, ya 1.5. Tukaifanya hesabu mara ya pili kana kwamba amefaulu sapu zote mbili, ile ya D na ile ya E, kwa C, ambayo katika vyuo vingi ndiyo alama ya juu kabisa ya sapu: jumla ikapanda hadi 88, na GPA ikawa 2.2. Vyuo vikuu vyetu kwa kawaida hutaka GPA isiyopungua 2.0 ili mtu aendelee na masomo, kwa hiyo binti yule alikuwa na njia ambayo hakuiona. Hata hivyo, vipo vyuo ambavyo havimruhusu kufanya sapu mwanafunzi aliyeshuka chini ya kiwango fulani, na ndiyo maana kanuni za mitihani za chuo chako zisomwe kwanza.

Hatua ya pili: tafuta kilichokuangusha. Mimi niliangushwa na makazi. Nilikosa hosteli, nikapanga mbali, nikawa napanda daladala mbili kila asubuhi, na vipindi vya saa moja asubuhi vikanipita karibu vyote. Chuo nilichotamani kuhamia nacho hakikuwa na hosteli, na wala sikufikiri kuuliza. Ikiwa kilichokuangusha ni kozi yenyewe, yawezekana unahitaji kubadili programu ndani ya chuo hichohicho, jambo ambalo huwa jepesi zaidi kuliko kuhama.

Hatua ya tatu: ondoka kwa barua. Mwandikie msajili kupitia mkuu wa idara, ueleze unachoomba, kisha usiondoke mpaka upate majibu ya maandishi pamoja na hati ya matokeo yenye muhuri. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na Baraza la NACTVET linalosimamia vyuo vya kati hukutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na namba hiyo inakufuata popote uombapo. Mimi nilipoomba chuo cha pili, jina langu lilikuwa bado limesajiliwa kule nilikotoroka. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikifuatilia barua ambayo ningeipata kwa siku chache kama ningeiomba nikiwa hapohapo.

Hatua ya nne: chagua njia. Anayehama kutoka chuo kikuu kwenda kingine anapaswa kuwa na sifa za kuingilia programu anayoitaka, chuo kinachompokea kiwe na nafasi, na maombi yafanyike katika kipindi kinachotangazwa kwenye kalenda ya udahili. Krediti za kozi ulizofaulu zinaweza kutambuliwa ikiwa maudhui yanalingana, kwa hiyo omba pia mihtasari ya kozi hizo.

Njia nyingine ni stashahada, ambayo wazazi wengi huiona kama kurudi nyuma, nami nawasihi wasiione hivyo. Mwenye stashahada ya GPA 3.0 au zaidi katika fani inayohusiana anaweza kuomba shahada, na huingia akiwa ameijua misingi iliyomshinda mara ya kwanza.

Kuhusu mkopo, nenda kwenye dawati la mikopo la chuo chako kabla ya kuhama, ili Bodi ya Mikopo ipate taarifa rasmi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Nina GPA ya 2.1 na sapu tatu, lakini nimechoka na chuo hiki. Nihame sasa?*

Marahaba mdogo wangu. Fanya sapu kwanza. Ukihama ukiwa umefaulu, unabeba krediti, na chuo unachokwenda kinapokea hati isiyo na madoa.

*Mwanangu alidisko Dodoma. Je, hawezi kuomba upya kwa vyeti vyake vya kidato cha sita bila kutaja chuo cha kwanza?*

Mama yangu, namba yake ya kidato cha nne itamtaja. Afuate barua ya kuondolewa usajili, aombe upya kwa vyeti hivyohivyo, na akiulizwa aseme ukweli. Kudisko hakufuti ufaulu wake wa kidato cha sita.

*Na mkopo aliokwisha kupokea?*

Hilo ni deni lake, liko palepale. Akitaka mkopo mpya baada ya kuachishwa masomo, asome mwongozo wa Bodi wa mwaka anaoomba, sehemu inayowahusu walioacha masomo, na asianze kujaza fomu kabla ya kujua anatakiwa kurejesha kiasi gani kwanza.

*Dada, barua kwa msajili iwe na urefu gani?*

Ukurasa mmoja. Taja jina kamili, namba ya usajili, programu, mwaka wa masomo, ombi lako na sababu, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.