Muvi ya mazimwi na uchawi: utajuaje kama mwanao anaiweza?

Binti yangu alipokuwa na miaka mitano asubuhi moja aligoma kuvaa shati la shule. Shule anaipenda, tatizo lilikuwa vifungo. Ilinichukua siku mbili kuja kujua kwamba Jumamosi, wakati mimi niko jikoni, alikaa na binamu zake wakaangalia Coraline, ile muvi ya 2009 ya midoli ambayo mtoto anapita kwenye kimlango anamkuta mama mwingine, anafanana na mama yake kila kitu ila kwenye macho ana vifungo, na anataka amshonee na yeye. Na aliyeileta ile muvi nyumbani ni mimi mwenyewe kwenye flash, nimeona picha ya mbele nikasema aah katuni hii, wakae watulie nipike.

Kwa hiyo wazazi wenzangu tuanzie hapo, katuni siyo umri. Jamaa wanaotujazia muvi kwenye flash wana folda limeandikwa KATUNI, humo kila kinachochorwa kimo. Sausage Party ya 2016 ni katuni, Marekani waliipa R, yaani wa chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima, na ukiona picha tu ya zile soseji unaweza kumpigia makofi mtoto kwa kuchagua vizuri. Flash haina alama ya umri, hata kama bodi ya filamu iliipanga daraja hiyo alama imebaki huko huko, wewe umepata jina la faili tu, tena mara nyingine limekosewa.

Alama zenyewe zisome lakini usizilalie. Coraline ni PG kwa Wamarekani na ni PG kwa Waingereza, na wengi wetu tukiona PG tunaelewa ya watoto hiyo, wakati maana yake ni mzazi angalia kwanza. Waingereza wanasema PG haitakiwi kumsumbua mtoto wa karibu miaka minane kwenda juu. Minane! Wangu alikuwa na mitano. Marekani juu ya PG kuna PG-13, onyo kali kwa wa chini ya miaka 13, hiyo ilikuja 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba muvi za PG zimeanza kutisha kupita kiasi, kwa hiyo ukikutana na muvi ya zamani ya kabla ya mwaka huo ina PG kaa nayo macho, kipindi hicho hakukuwa na ngazi ya katikati. Kenya bodi yao ina GE (ya kila mtu), PG, 16 na 18, yaani kutoka PG unaruka hadi 16, hapo mtoto wa miaka saba na wa kumi na nne wanaweza kuwa kapu moja, kazi inarudi kwako.

Ninavyofanya mimi sasa ni hivi, naandika jina la muvi kwenye IMDb, tovuti ya taarifa za muvi, nashuka mpaka palipoandikwa Parents Guide, kuna sehemu ya mambo ya kutisha, watu wameelezea tukio moja moja. Common Sense Media, tovuti ya kuwashauri wazazi, nao wanakupa umri kabisa. Watakumwagia mwisho wa muvi, sawa, wewe si ndiyo unautafuta. Bando linaloliwa ni kidogo sana. Treila usiiamini, imekatwa ili ununue, vichekesho vyote vimo humo na zimwi limeoneshwa mkia tu.

Halafu kama una nusu saa angalia mwenyewe sehemu tatu. Dakika kumi za mwanzo, maana muvi hizi zinapenda sana kumuua mzazi mapema ili mtoto aanze safari. Ya pili ni pale mtoto wa kwenye muvi anapobaki peke yake, amepotea au amefungiwa. Ya tatu dakika ishirini za mwisho, vita vyote viko hapo. Ukizimudu hizo tatu bila kusema mh, mengine yanavumilika.

Sasa umri. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Joanne Cantor amefanya kazi miaka mingi juu ya watoto na vitu vya kutisha kwenye tivii, na alichokikuta kimenisaidia kuliko alama zote. Mtoto mdogo, mpaka kama miaka saba hivi, anaogopa kwa macho. Sura mbaya, meno, mtu anayebadilika ghafla kuwa kitu kingine. Zimwi jema lenye roho nzuri lakini sura kama gunia la mkaa litamtoa machozi, wakati malkia mrembo anayepanga kuua watu atampita hivi hivi na pengine akasema nataka gauni kama la yule. Mkubwa ni kinyume, anaogopa kinachoweza kutokea kweli: kutekwa, moto, mama kufa. Kwa hiyo ukimchagulia wa miaka minne uliza zinaonekanaje, ukimchagulia wa tisa uliza kinatokea nini. The Lion King ya 1994 Marekani ni G, ya kila mtu kabisa, na bado wapo watoto ambao kifo cha Mufasa kiliwakaa wiki nzima.

Kwetu hapa naongeza mambo mawili.

Moja ni lugha. Ile PG walimfikiria mtoto anayeelewa kinachosemwa. Mtoto wa chekechea ambaye Kiingereza hakipandi na maandishi ya chini hawezi kuyasoma, utani wote unaokuja kupunguza hofu unampita, anabaki na sura, giza na muziki. Muvi ile ile kwake inatisha zaidi. Za kutafsiriwa na DJ zinasaidia kwenye hadithi ila DJ naye ana mambo yake, anaweza kuongeza matusi ambayo kwenye muvi hayakuwepo, sikiliza kidogo kabla.

La pili uchawi, na hapa sizungumzii dini, hilo kila nyumba ina msimamo wake. Nazungumzia hofu. Mtoto wa London akiona mchawi anapaa na ufagio anajua ni hadithi. Wa kwetu jana amesikia dada wa jirani anasimulia wachawi wanaopaa na ungo usiku, tena kwa kuapa, sasa huyo ukimwambia uchawi haupo atakuangalia tu. Kwa hiyo mkubwa wa miaka tisa au kumi ambaye ungetegemea ameshavuka, uchawi kwenye muvi kwake uko kundi la vitu vinavyoweza kutokea. Muulize kwanza anaamini nini, utashangaa.

Muvi za mfululizo pia zina mtego. Harry Potter ya kwanza, 2001, ni PG. Ya nne ya 2005 ikawa PG-13, Uingereza 12A, yaani wa chini ya miaka 12 aingie na mtu mzima. Watoto wa mle ndani wanakua mwaka mmoja kila muvi na vitisho vinakua nao, wa kwako akiziangalia zote likizo moja yeye hajakua hata wiki. Moja mbili halafu subirini. Tena ile ya kwanza peke yake ni dakika 152, mtoto wa miaka mitano igawe siku mbili.

Wakiwa wengi sebuleni, wa kila umri, chagua kwa yule mdogo, wakubwa watapata yao akilala. Wakinuna wanune. Au mwambie binamu mkubwa amsimulie mdogo mwisho kabisa kabla hamjaanza, mtoto akijua binti anarudi kwa mama yake anatulia. Angalieni mchana, taa iwake, na sabufa izimeni! Nusu ya kutisha iko kwenye lile bezi.

Ikishamtisha usimwambie siyo kweli hiyo, kwa wa miaka minne hilo neno halifanyi kazi. Simamisha, mpakate, mpe maji, ashike kikhanga chake, kuelewa kutakuja baadaye. Wa miaka minane ndiyo mwoneshe video ya jinsi midoli ilivyotengenezwa, wanapenda.

Binti sasa ana miaka minane na mwezi uliopita kaiomba mwenyewe Coraline. Tumeiangalia Jumamosi saa nne asubuhi, mdogo wake nikamtuma na baba yake wafuate mandazi wasirudi haraka. Yule mama wa vifungo alipotokea akanishika mkono, hakusema kitu. Mwishoni kasema paka alikuwa mzuri.