Kichwa kikihepa mpira haupigwi: kumrekebisha binti anayecheza softiboli

Wazazi wenzangu mlio na wasichana wanaocheza softiboli (ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ndugu wa besiboli) huku Marekani, hii kelele mnaijua. Mtoto anaswingi, yaani anazungusha bati, lile gongo la kupigia, anapiga hewa, na kando ya uzio wote tunapaza sauti "angalia mpira! angalia mpira!" Mimi nimeipiga hiyo kelele msimu mzima hapa Texas, binti yangu ana miaka 9, mpaka Jumamosi moja nikamrekodi na simu kwa ule mwendo wa polepole, nikasimamisha picha pale bati linapopita juu ya pleti, kile kibao cha chini mpigaji anaposimama kando yake. Mpira uko hapo mbele ya kifua chake. Uso wake umeshageukia bezi ya tatu, kushoto kwa uwanja, kidevu kimevuka bega la kushoto. Na ukimuuliza anakwambia "baba niliuangalia", na hadanganyi, mwanzoni aliuangalia kweli, mwisho ndipo kichwa kilipohepa.

Kwa hivyo usianze kumfundisha kabla hujamrekodi. Simama ule upande kifua chake kinaangalia, nje ya uzio, chukua swingi kama 10. Tafuta nguzo iliyo nyuma yake kwenye picha uone helmeti imeanzia wapi ikaishia wapi. Kichwa kikisogea mbele sana au kikizama, hatua yake ni ndefu mno, mwambie akanyage fupi na polepole, uzito ubaki katikati. Macho yakishuka huku mpira unakuja, ni kama kusoma meseji ndani ya matatu kwenye barabara ya mashimo, herufi ziko palepale lakini wewe ndiye unarukaruka.

Ila kichwa cha binti yangu hakikuwa kinazama, kilikuwa kinavutwa, na hapa ndipo naomba mnisikilize sana, maana kichwa hakihami chenyewe, kuna kitu kinakivuta, na usipokijua hicho kitu utapiga kelele mpaka msimu uishe.

Anza na helmeti. Mimi ilinichukua wiki tatu kugundua. Wasichana wetu wanasukwa, na siku za mechi mama yake alikuwa anamfunga zile rasta fundo juu ya kichwa ili zisimsumbue, sasa helmeti inakalia lile fundo, inaelemea mbele, na ile kingo ya juu inashuka hadi kwenye nyusi. Mtoto anainua kidevu ndio aone, na kidevu kikiinuka bega linafunguka mapema, yaani linageuka kabla ya wakati. Tukahamisha fundo chini kwenye kisogo, rasta zikatokea chini ya helmeti, na hapohapo akasema "sasa naona." Mvalishe helmeti nyumbani mwambie aangalie mbele kama amesimama kwenye pleti, ukiona anatafuta pa kuchungulia ujue.

Halafu angalia anavyosimama. Watoto wengi wanajifunga sana, bega la mbele, lile la upande wa pitcha (yule anayerusha mpira), limeelekea ndani, anamwona pitcha kwa jicho moja, lile lingine limezibwa na pua yake mwenyewe. Mwambie afumbe jicho la mbele, amwangalie pitcha kwa lile la nyuma peke yake. Akisema hamwoni vizuri, ageuze uso kidogo, au asogeze mguu wa mbele nje inchi mbili tatu. Macho yote mawili, ndio anajua mpira uko umbali gani.

Uoga nao upo, msiwachekee. Mtoto aliyewahi kupigwa na mpira kwenye mbavu kichwa chake kitakimbia tu, huwezi kukirudisha kwa maneno. Rudi kwenye mipira ya tenisi au ile ya plastiki yenye matundu, mrushie polepole kutoka karibu, na mfundishe kugeuza mgongo mpira ukimjia mwilini, akishajua namna ya kujikinga ndio atatulia. Bati zito pia linavuta bega zima, kichwa kinafuata. Msimnunulie la kukulia kama sare ya shule.

Sasa mazoezi yenyewe. Ninaloliamini kuliko yote ni la kidevu, bega kwa bega. Weka mpira kwenye kile kistendi, tii, chora doa kwa kalamu ya rangi upande wa nyuma ya mpira ule unaotazama bati. Kidevu kinaanzia bega la mbele, anaswingi, kichwa kinabaki, mwili ndio unazunguka chini yake, kidevu kinaishia bega la nyuma. Mpira ukishaondoka aendelee kutazama juu ya tii ahesabu "moja" kwa sauti ndipo ainue macho. Swingi 15 au 20 kila jioni zinatosha, akichoka anarudia makosa.

La pili ni la rangi. Chora mipira mingine doa jekundu na mingine la bluu, mrushie kutoka mbele ukiwa nyuma ya neti, aite rangi kabla mpira haujafika kwake, siku za mwanzo bila hata kuswingi. Na timu ikiwa na pitcha anayepasha mkono, mwombe kocha mtoto asimame kwenye pleti na helmeti, bati begani, asipige, aseme tu "straiki" (mpira uliopita eneo la kupigwa) au "boli" (uliopita nje yake) na ageuze kichwa aufuate mpira mpaka kwenye glavu ya anayedaka. Hilo zoezi wengi wanalidharau.

Kitu kingine, aangalie wapi kabla mpira haujatoka? Softiboli mpira unaachiwa chini, kando ya nyonga ya pitcha. Mtoto anayekodolea uso wa pitcha au ule mkono unaozunguka juu anaupata mpira ukiwa umeshakuja nusu. Atulize macho kifuani, mkono ukianza kushuka ahamie kwenye nyonga. Kwa walio chini ya miaka 10 pitcha yuko futi 35, kama mita 10.7 hivi, mpira wa maili 40 kwa saa unafika kwa karibu sekunde 0.6, na pitcha akiruka mbele kabla ya kuachia inapungua tena. Wakifika ligi ya chini ya 12 umbali unakuwa futi 40, ila mpira nao unaongezeka kasi.

Na tusiwadanganye kwamba watauona mpira ukigusa bati. Hata wakubwa wa kulipwa macho yao yanashindwa kuufuata zile hatua za mwisho. Kichwa tunakituliza ili ile sehemu ya njia inayoonekana ionekane vizuri, na ili bega lisifunguke kabla ya wakati.

Mkimaliza yote haya na bado anakosa mipira hata ile ya polepole kabisa, mpelekeni kwa daktari wa macho kabla hamjabadilisha kocha.

Siku ya mechi mimi sisemi tena "angalia mpira". Tumekubaliana neno moja tu, "kidevu", naliita mara moja akiwa anaingia kwenye pleti, halafu nanyamaza.