Jinsi ya kumwambia mtu asitupe taka bila kugombana naye

Chupa ya soda haimalizi sekunde mbili kutoka dirisha la matatu hadi lami ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi. Ikishaanguka, gari halisimami, na wewe uliyeona unabaki na lawama mdomoni. Lawama haiokoti chupa. Kwa hivyo kazi yote iko kabla ya hapo: mwombe mtu jambo moja dogo taka ikiwa bado mkononi mwake, halafu mwachie nafasi ya kukubali bila kuaibika. Ukikosea neno utasamehewa. Ukichelewa, huna tena la kuomba.

Tembea na mahali pa kutia taka. Pakiti tupu ya unga ya kilo 2 inatosha kabisa: ni ya karatasi, inakunjwa ikaingia mfukoni, na inameza magunzi mawili ya mahindi choma pamoja na maganda ya ndizi. Juala la nailoni liache. Lilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, faini yake inaanzia shilingi milioni 2, na mtu anayehubiri usafi huku amelishika ataulizwa swali asiloweza kujibu.

Ndani ya matatu

Dalili zinajulikana. Mtu anakunywa funda la mwisho, anafunga kifuniko, anageuza kichwa dirishani, kisha mkono unaanza kusukuma kioo. Sema wakati anafunga kifuniko. Kwa sauti ya chini, ya kumfikia yeye peke yake: “Samahani bosi, nipe hiyo chupa, nitashuka nayo.” Na pakiti iwe tayari imefunguliwa.

Neno la kazi hapo ni “nipe”. Ukimwambia “usitupe”, umemnyima kitu na kumhukumu kwa pigo moja, na abiria kumi na watatu wanamtazama ataonyesha nini. Ukimwambia “nipe”, umemwondolea mzigo. Wengi wanatoa chupa wakiwa bado wanashangaa, na wengine wanaona haya na kusema watashuka nayo wenyewe. Zote mbili ni sawa. Usiongeze neno baada ya “asante”. Mawaidha ya baadaye ndiyo huharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Mwite mtu kwa heshima ya umri wake. Kijana ni bosi au ndugu, msichana ni dada au siz, mwanamke mzima ni mama, mzee ni mzee, na ajuza ni shosho. Kwa mzee usiombe chupa moja kwa moja kama unavyomwomba rika lako. Msalimie kwanza, ndipo useme: “Shosho, nikusaidie na hayo maganda?” Akiwa ni mtoto aliye na mzazi, ongea na mzazi, tena kwa kumpa pakiti, si kwa kumshtakia mwanawe.

Ukiwa umekaa viti vitatu nyuma, nyamaza. Ombi linalopigiwa kelele juu ya muziki linageuka kuwa tangazo, na anayetangazwa lazima ajitetee.

Anayekataa hutoa majibu yale yale. “Kwani hii gari ni yako?” Usilijibu hilo, kwa sababu halikuulizwa lijibiwe. Rudia ofa mara moja, “Sawa bosi, lakini naweza kukushikia,” kisha geuka utazame mbele. Mara mbili ndiyo mwisho. “Kanjo (watu wa kaunti) watafagia, ndiyo kazi yao” lina jibu fupi la kweli: wafagiaji hushughulika na barabara, lakini kinachoangukia mtaroni hukaa humo mpaka mvua. Wakazi wa Mathare na Mukuru waliofurikiwa Aprili na Mei 2024 hawahitaji kuelezwa mtaro ulioziba hufanya nini mto unapojaa.

Makanga ni habari nyingine, na ndiye mwenye faida kubwa ukimpata. Usimguse akiwa anakusanya nauli au anaita watu. Ngoja gari lijaze stegini au mwisho wa safari, anapotoa ufagio. Hapo ndipo taka za siku nzima husukumwa nje ya mlango kwa mapigo matatu. Mwombe aweke debe. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 10, uliokatwa mdomo na kutobolewa matundu mawili ya kupitisha kamba, unakaa vizuri nyuma ya kiti cha dereva kwenye gari kubwa. Kwenye lile la watu 14 nafasi ni ndogo, kwa hivyo tumia wa lita 5 na uufunge mguuni mwa kiti cha kwanza, usije ukazuia watu kukanyaga mlangoni.

Madebe haya hufa kwa sababu mbili. Soda iliyobaki chupani inamwagika, inanuka, na siku ya pili makanga analitupa debe lenyewe. Dawa yake ni kuweka gazeti lililokunjwa chini na kulibadilisha kila jioni. La pili ni zito zaidi: debe likijaa halina pa kumwagwa, basi linamwagwa stegini, na mmehamisha tu taka kutoka njiani hadi kituoni. Kwa hivyo kabla ya kumsumbua makanga, ongea na viongozi wa sako (chama cha wenye matatu) pale stegi juu ya pipa au gunia moja la pamoja na nani atakayelichukua. Jina la sako na njia yake yameandikwa ubavuni mwa gari.

Plotini

Jirani ni mgumu kuliko abiria. Abiria hutamwona tena, lakini wa ghorofa ya nne mtapishana ngazini kesho asubuhi.

Anza kwa kuchunguza, si kwa kubisha hodi. Katika ghorofa za Pipeline au Zimmerman, pampasi inayotupwa kutoka juu mara nyingi ina sababu unayoweza kuishika: gari la taka linakuja mara moja kwa wiki, limeruka wiki mbili kwa sababu ya tope, pipa la chini limefurika, na nyumba ina chumba kimoja na mtoto mchanga. Mtu huyo hatupi kwa dharau; anaondoa harufu. Angalia mambo matatu: pipa liko wapi, linachukuliwa siku gani, na nani hulipwa ada ya taka, keateka (mtunza ploti) au kijana wa mkokoteni. Kama pipa halipo, mkosaji wako wa kwanza ni mwenye ploti, na jirani ni mshirika wako.

Pipa likiwepo, hakikisha mtu wako ni nani. “Watu wa juu” si mtu. Ukimlaumu wa ghorofa ya tatu kwa kosa la wa tano, umepata adui wawili.

Nenda saa kumi na mbili jioni au Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni na kabla ya pombe. Simama hatua moja nje ya mlango. Usivuke kizingiti hata ukikaribishwa mara ya kwanza, maana ndani ya nyumba yake atakuwa mwenyeji na wewe mgeni, na mgeni hakemei. Salamu kamili, hali ya watoto, halafu jambo lenyewe kwa sentensi moja: “Mama Brian, kuna pampasi zinaanguka pale tunapoanika nguo. Nimeongea na kijana wa taka, anaweza kupita Jumanne na Ijumaa. Tumwambie apande hadi kwako?” Hujasema ni zake. Anajua ni zake. Na amepewa njia ya kutoka akiwa amesimama wima.

Ule msemo wa asiyefunzwa na mamaye uache kabisa. Ukiutaja, pampasi imesahaulika na mnazungumzia mama wa mtu.

Mkikubaliana, leteni magunia mawili, moja la mabaki ya chakula na moja la vikavu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka utenganishaji huo, lakini sababu ya karibu ni harufu: maganda ya viazi na chupa zikikaa gunia moja, hakuna anayetaka kuzichambua, na anayenunua plastiki kwa kilo hapiti. Lililotengwa lina mtu wa kulitaka. Lisilotengwa linaishia Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kujaa tangu 2001 na bado linapokea malori.

Mambo mengine ya barabarani

Simu inayopiga video kwa sauti: “Bosi, punguza kidogo tu.” Si “zima”. Foleni ya matatu jioni ya mvua: sema “mwisho wa laini ni kule” huku ukionyesha kwa mkono mzima, na useme mapema, kabla mguu wake haujafika mlangoni. Sigara ndani ya gari la umma imekatazwa na sheria ya tumbaku ya 2007, kwa hivyo mwachie dereva na makanga. Bodaboda anayepita njia ya miguu, jiweke kando tu. Mtu aliye juu ya pikipiki hasikii na hawezi kusimama kuzungumza nawe.

Usiseme lolote kwa mlevi, kwa kundi, usiku, au kwa mtu aliyeanza kukunja mikono ya shati. Usimtishe mwenye kibanda kwa kanjo: atafunga mazungumzo hapo hapo, na mama mboga ambaye ungemwomba aweke gunia kando ya meza yake atakuona mpelelezi. Wala usimpige mtu video ya kumwaibisha mtandaoni. Sura ya mtu ni data yake chini ya sheria ya 2019, na mtu aliyeaibishwa huwa hafagii, hulipiza kisasi.

Jirani au mwenye ploti akikataa kabisa, panda ngazi kwa utaratibu: keateka, mwenye ploti, mzee wa Nyumba Kumi, kisha msimamizi wa wadi. Andika ukurasa mmoja. Weka mahali hasa (namba ya ploti, upande wa mtaro), tarehe zisizopungua tatu ulizoona taka zikitupwa, picha za taka bila sura za watu, mliyokwisha kujaribu, na ombi moja, mfano pipa la lita 240 na siku mbili za kuchukua. Taja Kifungu cha 42 cha Katiba, haki ya mazingira safi, na cha 70, kinachokuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba umepata hasara. Sahihi za wapangaji watano zina nguvu kuliko barua tano. Toa nakala mbili, na ile yako idai igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka kaunta.