Kabla ya kufunga mwamba wa pweza

Huku Pemba, ukitaka kijiji kikubali kufunga mwamba kwa miezi 3 pweza wakue, usiitishe mkutano wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka sana. Maji yakitoka, kina mama wote wako mwambani na fimbo zao. Utabaki na wanaume chini ya mwembe. Subiri maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana, baada ya alasiri.

Mimi huanza na wanawake peke yao. Nawaomba wachore mwamba mchangani: makome ni matundu ya pweza, kijiti ni njia wanayopita kwa miguu. Mara nyingi hapo ndipo inapoonekana kwamba sehemu waliyoichagua wapiga mbizi ifungwe ndiyo inayowapa mama hawa kitoweo. Sogezeni mpaka kwanza, ndipo muandike makubaliano.

Siku ya kufungua iwe bamvua, asiye na ngalawa naye afike.