Somo: Makocha wanaposogea hadi mstarini, mwamuzi msaidizi afanye nini?

Ndugu wanachama, swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kila mara kwa mtu mmoja mmoja, hata nimeona afadhali niandike jibu lote mahali pamoja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Nazungumzia mechi zisizo na mwamuzi wa akiba, ambako mshika kibendera wa upande wa mabenchi hubeba mzigo wa makocha juu ya kazi yake ya kuangalia kuotea. Penye mwamuzi wa akiba, mwachie yeye makocha.

Hatua ya kwanza. Fika mapema ukague eneo la ufundi, yaani sehemu ya mbele ya benchi ambamo kocha anaruhusiwa kusimama. Kisheria linaanzia mita 1 kila upande wa viti vya benchi, na kwa mbele linaishia mita 1 kabla ya mstari wa pembeni. Kama halijachorwa, pima kwa hatua na uweke koni kabla timu hazijaanza kupasha misuli.

Hatua ya pili. Kubaliana na refa ishara utakayotumia kumwita mpira ukisimama.

Hatua ya tatu. Zungumza na makocha wote wawili kabla ya kipyenga cha kwanza. Maneno yangu ni haya: "Kocha, hii mita moja ndiyo njia yangu ya kukimbilia. Naomba mnisaidie ibaki wazi, na anayesimama kutoa maelekezo awe mmoja kwa wakati." Usimruke yule wa benchi la mbali. Ni kweli kwamba wewe hubaki kwenye nusu ileile ya uwanja dakika zote 90, kwa hiyo benchi moja tu ndilo litakalokuwa njiani mwako, lakini kocha akiona mwenzake ameambiwa na yeye hakuambiwa, ataamini kuna upendeleo.

Hatua ya nne: lini useme naye. Hapa ndipo nilipokosea mimi, nami naomba pasomwe polepole. Katika msimu wangu wa pili, kocha mmoja alisimama ncha za viatu zikiwa juu ya chokaa, chupa ya maji mkononi, akilalamikia mpira wa kurusha niliokuwa nimewapa wapinzani wake. Mpira ulikuwa mchezoni. Niligeuza kichwa nikamwambia, "Rudi nyuma, kocha," maneno matatu tu. Nilipoangalia tena uwanjani, pasi ndefu ilikuwa imeshapigwa na mshambuliaji alikuwa peke yake mbele ya mabeki. Kuotea hupimwa pale mwenzake anapougusa mpira, na mguso huo sikuuona. Sikuinua kibendera kwa sababu sikuwa na ninachokijua, na goli likaingia. Video iliyopigwa na mtazamaji ilionyesha kwamba alikuwa amempita beki kwa hatua mbili nzima. Timu iliyofungwa ilikuwa ya kocha yuleyule, na wachezaji wake, ambao hawakuwa na kosa lolote, walipoteza mechi kwa sababu yangu.

Tangu siku hiyo nafuata masharti manne. Mpira ukiwa mchezoni, uso wako hautoki kwenye mstari wa beki wa pili kutoka mwisho, au wa mpira ukiwa karibu zaidi na goli, hata kama kocha anakuitia sikioni. Ikibidi kusema, sema huku ukitazama uwanjani: "Nyuma, kocha, tafadhali." Usimguse kocha wala kumsukuma kwa mkono au kwa mti wa kibendera, hata kwa upole, kwa maana mguso huo utasimuliwa tofauti na ulivyokuwa. Maongezi yoyote marefu kuliko hayo yasubiri mpira utoke, na hata hapo yawe mafupi.

Afadhali zaidi ni kumrudisha mapema. Anayeachwa asimame mstarini dakika ya 5, mchezo ukiwa baridi, hatakubali kuondoka dakika ya 80 timu yake ikiwa nyuma kwa goli moja.

Hatua ya tano. Ukimwomba mara moja na mara ya pili asisikie, mwite refa mpira ukisimama, umweleze kwa sentensi moja nani amefanya nini. Kadi ni za refa, wewe unashauri. Anayetoka nje ya eneo mara mojamoja bila kosa jingine huonywa kwa maneno. Anayelipuuza waziwazi au kwa kurudiarudia hupewa kadi ya njano. Anayetoka makusudi kwenda kumfokea mwamuzi hupewa nyekundu.

Hatua ya sita. Andika dakika, cheo cha mhusika na maneno yake kama yalivyotamkwa.

---

Maswali ya wanachama

Kiungo Mkabaji: Kwa hiyo mshika kibendera anaruhusiwa kumpa kocha kadi?

Jibu: Hapana. Soma tena hatua ya tano.

Kibendera Kipya: Shikamoo, mwalimu. Nina mechi tatu tu. Kelele ikitoka benchini wakati nimelipa mgongo, na sikujua aliyetukana ni nani, nimripoti nani?

Jibu: Marahaba, na swali lako ni zuri sana. Kadi kwa maofisa wa timu ziliingizwa kwenye sheria msimu wa 2019/20, na sheria hiyohiyo ilijibu hofu yako: mkosaji asipotambulika, adhabu humwangukia kocha wa ngazi ya juu kabisa aliyemo katika eneo la ufundi. Kwa hiyo usikisie. Mwambie refa, "Tusi limetoka benchi la kushoto, sikumwona aliyelitoa," naye atajua la kufanya. Ukimtaja mtu asiyehusika, benchi zima halitakuamini tena hadi mwisho wa mechi.

Golikipa Mstaafu: Mimi naona unawabembeleza. Ningemwita refa dakika ya kwanza wakapata adabu.

Jibu: Sijabembeleza mtu. Kumwomba mtu mara mbili ni kumpa nafasi ya kutii, na refa anayeitwa kila dakika kwa jambo la kuomba tu huacha kukuamini. Kama kocha ametukana au ametisha, sikusema usubiri.

Kibendera Kipya: Na kama amesimama njiani kabisa, na shambulio linakwenda kwa kasi?

Jibu: Pita mbele yake, hata kama mguu utaingia uwanjani hatua moja, kisha urudi nje. Ukipita nyuma yake, yeye ndiye utakayemwona badala ya beki. Akikuziba ukakosa kuona, kibendera kibaki chini. Usikiinue kwa jambo la kukisia. Mpira ukisimama, hapo humwombi tena: mwite refa, umwambie umezuiwa kufanya kazi.

Mtazamaji: Daktari wa timu naye abaki ndani ya eneo?

Jibu: Ndiyo, isipokuwa refa amemruhusu kuingia kumtibu mchezaji.

Kibendera Kipya: La mwisho, naomba uniwie radhi. Nikikimbia kuelekea mstari wa katikati, kibendera hukaa upande wa benchi na mara moja kilimgonga kocha.

Jibu: Uliza tu, hakuna radhi ya kuomba. Kibendera hukaa mkono ulio upande wa uwanja, ambako refa atakiona. Ukigeuza mwelekeo, badilisha mkono chini ya kiuno, mikono yote miwili mbele ya mwili, bila kukizungusha hewani. Fanya zoezi hilo uwanjani pasipo mtu, mara ishirini kwenda na kurudi, huku ukitazama koni moja iliyo mbali ndani ya uwanja. Macho yakishazoea kubaki kwenye koni wakati mikono inabadilishana, utaona kwamba hata sauti ya kocha haiyageuzi tena.