Jinsi ya kuteleza kwa skii msituni Myrkdalen, siku ambayo Bergen inalowa

Sisi wa Bergen, magharibi ya Norwe, mvua tumeizoea. Ila Januari na Februari, simu ikionyesha mvua mjini na digrii mbili au tatu, mimi huanza kufunga begi. Wingu hilohilo linalotoka baharini hupanda milima, linapoa, na likifika Myrkdalen, kaskazini ya Voss, linamwaga theluji. Kwa msimu mmoja hushuka kama mita 5.

Panda treni ya asubuhi hadi Voss, saa moja na kidogo, kisha basi kama kilomita 30. Skii kodisha hukohuko. Omba pana, milimita 100 hivi chini ya buti, kwa sababu nyembamba zinazama kwenye theluji ya unga.

Kwa nini msituni? Juu kusiko na miti, theluji ikinyesha, mbingu na ardhi vinakuwa rangi moja. Hujui kama mbele ni mteremko au shimo. Shina la mti linakupa cha kupimia kwa macho. Tena upepo hauingii sana, kwa hiyo theluji inabaki laini.

Lakini kama bado huwezi kushuka njia nyekundu ukageuka na kusimama pale unapotaka, subiri kwanza. Baki kwenye njia rahisi, za kijani na bluu, lipia masomo. Vitoto vya chekechea vitakupita, viache vipite.

Miti ya huku mingi ni bjørk, na wakati wa baridi haina majani, kwa hiyo unaona mbali. Macho yaangalie uwazi kati ya miti, maana mwili hufuata macho: ukiukazia mti, utaufuata mti. Miguu iwe karibu kuliko ulivyozoea, na uzito ugawanyike sawa kwa miguu yote miwili, kama umesimama ndani ya mtumbwi mdogo. Wengi hudhani dawa ni kuegemea nyuma. Hapo utachosha mapaja tu na skii hazitageuka. Chukua mwendo kidogo, zielee, ndipo ugeuke taratibu. Kamba za fimbo zitoe mikononi kabla hujaingia, fimbo ikinasa kwenye tawi isikuvute bega.

Kuanguka utaanguka. Ukijaribu kujiinua kwa mkono, mkono unazama hadi kwapani. Laza fimbo mbili juu ya theluji zikikatizana, bonyeza pale zinapokutana, simama. Skii ikichomoka, usiitafute chini ulikosimama. Mara nyingi imebaki juu, karibu na ulipoanzia kuanguka. Panda, kisha kata theluji kwa fimbo kutoka upande hadi upande mpaka uguse kitu kigumu.

Sasa maporomoko ya theluji. Nje ya njia zenye alama ni jukumu lako mwenyewe, na msitu mwembamba wa bjørk si kinga: theluji inaweza kukufuata kutoka mteremko ulio juu yako. Jioni kabla ya safari fungua Varsom, tovuti ya Norwe ya tahadhari za maporomoko, eneo la Voss, usome kiwango cha hatari, 1 hadi 5. Ikiwa 3, mimi hubaki kwenye miteremko isiyofika digrii 30, na isiyo na mwinuko mkali juu yake. Kila mmoja awe na kifaa cha redio cha kutafutana, beleshi na fimbo ndefu ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, na awe amefanya mazoezi navyo. Usiende peke yako. Simameni mahali mnapoitana mkasikiana. Ukiona bonde jembamba refu kwenye theluji, chini yake huenda kuna kijito, zunguka. Ambulansi ni 113.

Nguo ya ndani iwe sufu. Pamba ikilowa jasho, kwenye kiti cha lifti utatetemeka. Miwani iwe na kioo cha njano au waridi, cha giza hakikufai siku ya mawingu. Chakula cha mlimani ni ghali, kwa hiyo mimi hubeba chapati za maharage na chai ya tangawizi, na Wanorwei wakitoa machungwa na chokoleti yao ya Kvikk Lunsj tunabadilishana.

Ratiba ya basi la kurudi iangalie asubuhi unapofika, na mzunguko wa mwisho ufanye ukiwa bado na nguvu za miguu. Mchana wa Januari ni mfupi, na msituni giza huwahi.